Ngeli na Utani wa Magari

Utani wa magari katika Kiswahili hukaa zaidi katika kiambishi kuliko katika mzizi. Kiambishi wa-, kinachotupa Wameru wa hapa Akheri na jirani zao Wachaga, kilipachikwa kwenye jina la Mercedes-Benz baada ya uhuru, tukapata Wabenzi: kabila lisilo na lugha wala mila, ila gari. Mzizi hautukani, sarufi ndiyo inayotukana. Kipanya, basi dogo la abiria, ni mzaha mwepesi tu. Shangingi ni zito zaidi, na kamusi haina budi kulionyesha pamoja na upatanisho wake. Neno la kumwitia mwanamke wa mjini asiyeona haya lilihamia kwenye Toyota Land Cruiser ya wakubwa. Shangingi amepita: huyo ni mtu. Shangingi limepita: hilo ni gari.