Udongo Una Dawa, Lakini Usiutie Kidondani

Mkulima wa minazi huko Kirongwe, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, akijikata mguu kwa panga, udongo huweza kuingia kidondani kabla hajapata maji ya kujiosha. Katika udongo huo wamo maadui wa afya, na wamo pia viumbe vidogo waliotupatia dawa. Yafaa kila familia, ya shamba na ya mjini, iijue tofauti yao.

Mwaka 1943, huko New York, Marekani, msichana aitwaye Margaret Tracy alivunjika mguu, na jeraha likaingiwa na uchafu. Wataalamu Balbina Johnson na Frank Meleney walipolichunguza, walimkuta bakteria wa jamii ya wale waishio udongoni akiwaangamiza wenzake. Dawa aliyoitoa ikaitwa basitrasini, jina lililotokana na la bakteria huyo pamoja na la msichana.

Basitrasini ni peptaidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, vijenzi vya jamii ileile vinavyojenga protini. Protini za kawaida hufumwa na ribosomi zilizomo ndani ya chembe hai. Basitrasini hufuata njia nyingine. Wewe ufanyaye kazi kiwandani utaielewa upesi: vimeng'enya vitatu vikubwa vina vituo vilivyopangwa kwa zamu, kila kituo huongeza pingili moja na kukabidhi kazi kwa kinachofuata, hadi pingili 12 zitimie.

Nayo huuaje? Bakteria hujikinga kwa ukuta, na matofali ya ukuta huo huletwa na mchukuzi maalumu. Basitrasini humkamata mchukuzi. Matofali hayafiki, ukuta hudhoofika, bakteria hufa. Lakini dawa hii yaweza kudhuru figo, hivyo hutumiwa zaidi kwa kupaka juu ya ngozi.

Je, tupake basi udongo wenyewe? La hasha! Udongo huohuo hubeba mbegu za bakteria wa pepopunda, ugonjwa unaokaza misuli na kuua. Dawa ya dukani imetoka kwa bakteria waliokuzwa katika mapipa safi, kisha ikachujwa na kupimwa. Konzi ya udongo haikupita huko.

Kwa hiyo osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kifunike kwa kitambaa safi, kisha nenda zahanati ukaulize juu ya sindano ya pepopunda. Mama mjamzito asikose chanjo hiyo, na kitovu cha mtoto mchanga kisiguswe na udongo kamwe.