Khitilafu ya Wakristo juu ya Neno "Ni"

Vijana wetu wanaosoma pamoja na Wakristo hutuuliza mara kwa mara: kwa nini Mkatoliki na Mprotestanti, hali wote husema wanamfuata Nabii Isa (a.s.), hawashiriki meza moja katika ibada yao? Wengine huuliza huku wakicheka, wakidhani ni ugomvi wa mkate tu. Twaona yapasa jambo hili lielezwe sawasawa, kwani asiyeyafahamu maneno ya jirani yake hawezi kuyajibu, wala hana haki ya kuyacheka.

Asili yake ni hii. Injili walizonazo Wakristo zasimulia kuwa, usiku wa kuamkia siku wanayosema alisulubiwa, Isa alikula pamoja na wanafunzi wake, akatwaa mkate akawaambia kuwa ni mwili wake, kisha akatwaa kikombe cha divai akawaambia kuwa ni damu yake. Sisi Waislamu twaamini kwamba Isa hakusulubiwa, kwa hivyo msingi wa karamu hiyo si wetu. Lakini wao wameyashika maneno hayo karne na karne, na ugomvi wao umesimama juu ya kineno kimoja kidogo mno: "ni".

Mkatoliki husema kuwa "ni" hiyo ni ya hakika. Padri akisha kuyatamka maneno hayo katika Misa, mkate si mkate tena. Msomaji atasema: mbona macho yauona vile vile? Wanavyuoni wao, hasa Thomas Aquinas aliyekufa mwaka 1274, hujibu kwa lugha ambayo wanafunzi wetu wa ilimu ya tauhidi hawataiona ngeni: jauhari na aradhi. Rangi, ladha na harufu ni aradhi, nazo hubaki. Jauhari ndiyo iliyogeuka. Baraza kuu la maaskofu lililokutana Roma mwaka 1215 liliukubali mgeuko huo, na Baraza la Trent likaukaza mwaka 1551. Ndiyo sababu Mkatoliki hupiga goti mbele ya kisanduku kinachohifadhiwa mikate hiyo kanisani, na taa huwaka karibu yake mchana na usiku. Yeye hasemi kuwa anauabudu mkate. Kwa itikadi yake, hapo hapana mkate.

Martin Luther alipoachana na Papa aliyakataa maelezo hayo ya jauhari na aradhi. Lakini, na hapa wengi wetu hukosea, hakukataa kuwa mwili wa Isa umo. Alishika kuwa mkate wabaki mkate, na mwili upo kweli pamoja nao. Aliyekataa ni Ulrich Zwingli, mhubiri wa Zurich katika nchi ya Uswisi. Yeye alisema "ni" hapa maana yake ni "yaashiria". Waliosoma balagha wataijua njia hii mara moja: ukisema Zaidi ni simba, hapana atafutaye mkia. Tena katika Kiarabu sentensi kama hiyo haina "ni" kabisa. Ni mubtadaa na khabari tu, na akili ya msikilizaji ndiyo huamua kama ni hakika au majazi.

Mtawala mmoja wa Kijerumani, Philip wa Hesse, aliwaita wawili hao katika ngome yake ya Marburg mwezi wa Oktoba, 1529. Alitaka Waprotestanti wawe mkono mmoja mbele ya Kaisari Charles, aliyekuwa Mkatoliki. (Siku zizo hizo majeshi ya Sultani Suleiman yalikuwa yameuzingira mji wa Vienna, na bado wao walikuwa wakibishana juu ya kineno kimoja.) Imesimuliwa kuwa Luther aliyaandika yale maneno ya Isa juu ya meza kwa chaki, akawa ayaonyesha kila alipobanwa kwa hoja. Katika mambo kumi na matano walipatana kumi na manne, na hata la kumi na tano walipatana sehemu yake. Wakashindwana juu ya kuwapo kwa mwili. Luther akakataa kumwita Zwingli ndugu. Miaka miwili baadaye Zwingli aliuawa vitani, akipigana na Waswisi wenziwe waliokuwa Wakatoliki.

Watu walikufa kwa neno hili. Mwaka 1546 bibi mmoja wa Kiingereza, Anne Askew, alichomwa moto mjini London kwa kukataa kwamba mkate hugeuka.

Nasi tusijione tumesalimika. Imam Ahmad bin Hanbal alipigwa mijeledi katika zama za Khalifa al-Mu'tasim kwa kauli moja tu: je, Kurani imeumbwa au haikuumbwa? Na hata leo wanavyuoni wetu hawakubaliani kama "mkono" wa Mwenyezi Mungu uachwe kama ulivyotajwa, pasi na kuuliza namna, au ufasiriwe kuwa ni uwezo Wake. Hakika na majazi ni mlango mgumu kwa kila umma wenye kitabu.

Kijana akialikwa arusi ya jirani kanisani, watu wakasimama kwenda kupokea, yeye na akae kwa adabu mahali pake. Kupokea si haki yake, kwani ni kuishuhudia itikadi asiyokuwa nayo. Na kucheka ni ufidhuli.

Mwaka 1973 makanisa mengi ya Ulaya ya upande wa Luther na ya upande wa Zwingli na Calvin yalitia saini mapatano huko Leuenberg, Uswisi, yakakubali kupokeana mezani, baada ya miaka mia nne na zaidi. Kwa Wakatoliki mlango haujafunguka hivyo: kanuni zao hazimruhusu Mprotestanti kupokea kwao ila katika hali chache, kama akichelea kufa, wala Mkatoliki haruhusiwi kupokea kwa Waprotestanti. Basi wapo mume na mke, huyu Mkatoliki na huyu Mluteri, wanaokula sahani moja siku zote, na Jumapili kila mmoja hushika njia yake.