Mto Ozi: Mahali Panapokutana Maji Matamu na Maji ya Chumvi

Iko miji duniani iliyopata mali na sifa kwa sababu ya maji ya chumvi yatokayo ardhini. Katika Uingereza uko mji wa Droitwich, ambao Warumi wa kale waliuita kwa jina lenye maana ya mahali pa chumvi. Na tangu karne ya 19 watu wenye maumivu ya viungo wakauendea ili kuoga katika maji yake. Huku Afrika Mashariki, mji wa Uvinza, ulio magharibi ya Tanzania karibu na mto Malagarasi, una chemchemi ambazo watu wamechemsha maji yake na kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Misafara ya biashara ya karne ya 19 ilipita hapo, na chumvi yake ilipelekwa nchi za mbali.

Katika nchi ya Ozi, chini ya Garsen, mambo ni kinyume. Huko chumvi haitoki ardhini, bali hupanda mto kutoka baharini. Na badala ya kuwa mali, huweza kuwa msiba wa mkulima. Mgeni aendaye kuzuru miji ya kale ya upande huo atayafahamu vema ayaonayo, akijua kwanza habari za maji hayo ya namna mbili.

SAFARI YA KIPINI

Msafiri atokaye Garsen hufuata barabara ya Lamu hadi Witu, na hapo huiacha akashika njia ya Kipini, mji ulio kwenye mlango wa mto Ozi. Si mbali na Kipini yako magofu ya Ungwana, mji wa Waswahili wenye msikiti mkubwa wa Ijumaa na makaburi ya mawe. Bwana James Kirkman aliyachimba magofu hayo katika miaka ya 1950, na kitabu chake kikatoka mwaka 1966. Mji huo ulistawi kwa karne nyingi, kisha ukaachwa katika karne ya 17. Masimulizi ya wazee humtaja pia Fumo Liongo, shujaa na mtunzi wa mashairi, kuwa alizikwa upande huo.

Kutoka Kipini, apandaye mto kwa mashua hupita kati ya misitu ya mikoko. Penye chumvi nyingi huona mchu na mkandaa; na kadiri maji yanavyozidi kuwa matamu huona misikundazi mirefu, yenye mizizi iliyosimama kama mbao juu ya tope. Baadaye misitu huachana, na mashamba ya mpunga ya Wapokomo huonekana.

MTO ULIOBADILI NJIA

Zamani Ozi na Tana ilikuwa mito miwili mbalimbali. Tana, mto mrefu kuliko yote ya Kenya, wenye urefu wa kilomita 1,000 hivi, ulikuwa na mlango wake upande wa kusini, katika Ghuba ya Ungwana. Katika karne ya 19, wakati wa watawala wa Witu, ulichimbwa mfereji wa Belezoni ili mitumbwi ipate kupita kutoka mto mmoja hadi mwingine. Mfereji huo ulikuwa mwembamba. Lakini mafuriko yaliupanua mwaka hata mwaka, hata maji mengi ya Tana yakawa yanatokea Kipini. Hivyo kazi ya majembe ya watu ilibadili njia ya mto mkubwa, na nchi ya Ozi ikapata maji matamu kwa wingi.

JINSI CHUMVI INAVYOPANDA

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Mtu akichemsha debe la lita 20 hata likauke, atapata karibu gramu 700. Maji hayo ni mazito kuliko maji ya mto. Kwa hiyo bahari inapojaa, maji ya chumvi hujipenyeza chini, karibu na sakafu ya mto, na maji matamu huinuliwa na kusukumwa nyuma yakiwa juu yake.

Hapo ndipo ilipo hekima ya wakulima wa Ozi. Maji matamu yanaposukumwa na kujaa hadi ukingoni, huingia katika mifereji midogo na kunywesha mpunga bila mashine wala mafuta. Bahari ikipwa, maji yaliyozidi hurudi mtoni. Kwa njia hii bahari yenyewe hufanya kazi ya pampu.

Lakini kazi hiyo yategemea nguvu za mto. Mto ukiwa umejaa, chumvi huzuiwa karibu na Kipini. Mto ukipungua wakati wa kiangazi, chumvi hupanda mbali, na zaidi siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mpunga hauwezi kuvumilia: chumvi ya gramu 2 hivi katika lita moja yatosha kupunguza mavuno, hasa miche ikiwa michanga na wakati wa kutoa maua. Chumvi ikikaa udongoni, mvua kubwa au mafuriko ndiyo huiosha.

Tangu mwaka 1968 yamejengwa mabwawa matano ya umeme huko juu: Kindaruma, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Umeme wake umefaa nchi nzima. Lakini mabwawa huzuia sehemu ya mafuriko yaliyokuwa yakiosha mashamba ya chini. Maji yaachwayo yashuke hadi mlangoni si maji yaliyopotea, maana ndiyo yanayoishikilia bahari isiingie shambani.

LA KUFANYA

Yako mambo yaliyo katika uwezo wa mkulima mwenyewe. Yafaa kuyaonja maji kabla ya kuufungua mfereji, na kuufunga siku za bamvua wakati wa kiangazi. Matuta ya ukingoni yatengenezwe mapema, kabla ya maji kuyabomoa. Mikoko isikatwe ovyo, kwa kuwa mizizi yake hushika udongo na kupunguza nguvu za mawimbi. Na mahali chumvi ilipokwisha ingia, ni bora kungoja mvua iuoshe udongo kuliko kupoteza mbegu.

Mji wa Ungwana umebaki mawe, lakini mashamba ya Ozi yangali hai. Uhai wake hutegemea jambo moja: mto uwe na nguvu ya kutosha kukutana na bahari bila kushindwa.