Kapasita ya spika: Piga hesabu kabla ya kwenda dukani

KIKUZA sauti cha kwanza nilichojiundia kilikuwa na kasoro ya ajabu. Magitaa ya benga yalisikika waziwazi, mwimbaji naye alisikika vyema, lakini besi ilikuwa imetoweka kana kwamba mpigaji wake hakufika studioni siku hiyo. Nililaumu spika, nikaibadilisha. Nikalaumu betri. Kumbe kosa lilikuwa langu, na lilikuwa kwenye kifaa cha shilingi chache: kapasita iliyosimama kati ya kikuza sauti na spika.

Wengi wanaojiundia vyombo vya sauti nyumbani huteua kapasita hiyo kwa kubahatisha, au huchukua yoyote wanayopewa na muuzaji kule Luthuli Avenue, Nairobi. Ilhali kazi yake ni nzito. Katika saketi nyingi zinazotumia betri moja, sehemu inakotokea sauti hukaa na takriban nusu ya volti za betri, hata kukiwa kimya. Ukitumia volti 12, hapo pana volti 6. Ziunganishe moja kwa moja na spika ya omu 8 nazo zaweza kusukuma mkondo wa ampea 0.75, yaani wati 4.5 za joto tupu lisilo na wimbo ndani yake. Spika ndogo ya redio inayomudu nusu wati itaungua. Kapasita huuzuia umeme huo uliotulia na kuupisha ule unaoyumba, ambao ndio sauti yenyewe.

Hata hivyo, haipishi sauti zote kwa usawa. Sauti nyembamba hupita kwa wepesi, nzito hupata taabu, na kadiri kapasita inavyokuwa ndogo ndivyo nyingi zinavyobaki nje. Hesabu yake si ngumu. Chukua 159,000, gawanya kwa omu za spika, kisha ugawanye kwa mikrofaradi za kapasita. Jibu ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaani hezi, ambapo nguvu ya sauti huwa imepungua kwa nusu. Chini ya hapo huzidi kufifia.

Mimi nilikuwa nimetumia mikrofaradi 10 kwa spika ya omu 8. Jibu ni hezi 1,988, ilhali uzi mzito kabisa wa gitaa la besi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde! Mikrofaradi 100 huuteremsha mpaka huo hadi hezi 199, mikrofaradi 220 hadi 90, mikrofaradi 470 hadi 42, nazo 1,000 huufikisha kwenye hezi 20, ambako sikio la binadamu nalo hukoma.

Je, basi kila mtu anunue ya 1,000? La. Spika ya inchi tatu haina uwezo wa kuvumisha hezi 40, hivyo mikrofaradi 220 yaitosha. Kwa chipu ya LM386, inayopendwa na wanaoanza, mchoro wa mtengenezaji huonyesha mikrofaradi 250. Isitoshe, kapasita kubwa hujazwa umeme kupitia spika yenyewe, na ndiyo sababu ya ule mgutuko mzito unaousikia kila unapowasha chombo.

Mambo hubadilika kabisa ikiwa sauti inapelekwa kwenye kikuza sauti kingine wala si kwenye spika. Mlango wake ukiwa na ukinzani wa omu 10,000, mikrofaradi 1 tu hukufikisha hezi 16. Hapo kapasita ya filamu ya plastiki hufaa sana, kwani haina upande chanya wala hasi na hudumu. Zile za seramiki zenye mikrofaradi nyingi mimi huziepuka kwenye njia ya sauti, kwa kuwa uwezo wake hubadilika volti zinapobadilika na zaweza kuipotosha.

Kwa spika, elektrolitiki haina mpinzani. Upande wake chanya uelekee kikuza sauti. Ule hasi huwa na mstari ubavuni. Ukiigeuza hupata moto, huvimba na yaweza kupasuka. Kuhusu volti, usinunue ya volti 10 kwa hoja kwamba inabeba 6 tu. Betri ya gari hupita volti 14 inapochajiwa, na chipu ikiharibika volti zote zaweza kuifikia kapasita. Chukua ya volti 25. Ikiwa itakaa karibu na chuma cha kupozea, tafuta iliyoandikwa nyuzi 105 badala ya 85.

Ile yangu ya mikrofaradi 10 niliing'oa jioni hiyohiyo, nikalehemu ya 470 mahali pake. Spika ya kwanza, niliyoidhania mbovu, ningali naitumia.