WALIMSALIMU MGENI, WAKAMWIMBIA MWENYEJI

Mpenzi msomaji, hujambo? Natumaini u mzima. Unaona nimekusalimu kamili, maana huku kwetu Mtwara ukimwambia mtu mzima "jambo" halafu ukanyamaza, atakutazama kama umeshuka melini jana. Mkubwa anapewa shikamoo yake, wa rika lako unamtupia "vipi" na maisha yanaendelea. Sasa cha ajabu, mojawapo ya nyimbo za Kiswahili zilizozunguka dunia kuliko nyingine imejengwa juu ya neno hilohilo ambalo sisi wenyewe hatulitumii hivyo!

Naam, nazungumzia "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, wale wakali wa Mombasa. Wiki nzima nimekuwa nikisikiliza vibao vyao vilivyotamba, vingine kwenye simu, vingine kwenye kanda kuukuu ya mjomba ambayo lazima uisaidie kwa kalamu ndipo izunguke. Na kusema kweli, ukimjua Mushrooms kwa wimbo ule mmoja tu, bado hujamjua.

Kundi lilizaliwa 1972. Teddy Kalanda Harrison aliwakusanya ndugu zake, akina Billy Sarro, George Zirro, Dennis Kalume na John Katana, na mwenzao Pritt Nyale akiwemo. Yaani ugomvi wa bendi ukitokea, unaamuliwa na mama nyumbani! Ulaji wao ulikuwa kwenye mahoteli ya kitalii ya pwani. Mgeni akitaka rege anapewa, akitaka chakacha anapewa.

Mwaka 1982 ndipo bomu likalipuka. "Jambo Bwana" ni kama somo la kwanza la Kiswahili lililotiwa gitaa: salamu, majibu, karibu, ondoa wasiwasi. Basi! Mtalii anaondoka anaujua wote. Mwaka uliofuata Boney M, kundi lililotengenezwa Ujerumani na kutamba na "Daddy Cool", nao wakatoa toleo lao. Mpaka 1987 santuri ya Mushrooms ilikuwa imeuzwa zaidi ya nakala 200,000, wakatunukiwa tuzo ya platinamu. Wengine nao wakaudandia, wakiwemo Safari Sound Band, hadi leo wapo watu wanaobisha kwamba wimbo ni wa hao. Hapa Tanzania mahotelini wanachofanya ni kutoa jina la Kenya, wanapachika la kwetu, mambo safi.

Mwaka huohuo wa 1982 gesi iligunduliwa Mnazi Bay, hapo Msimbati kwetu. Gesi ililala chini zaidi ya miaka 20 kabla ya kuanza kutumika. Wimbo wenyewe haukungoja mtu, ulipanda ndege na watalii.

Sasa geuza kanda. Upande wa pili unakutana na "Nyambura". Hilo ni jina la Kikuyu, kumbe vijana wa pwani wamezimika na mtoto wa bara! Hapo sauti zinalainika, na mtalii hana habari. Ukija kwenye "Embe Dodo", hiyo ni ya kwetu kabisa. Hata bibi yangu wa Mikindani, asiyejua Mushrooms ni nani, akiisikia bega linamcheza, maana chakacha ni ngoma ya harusi na kina mama wa pwani hawafundishwi.

Mwaka 1987 walihamia Nairobi. Ungedhani huko ndiyo watasahau kwao, lakini wapi! Walizirudia zilizopendwa za wazee, wakarekodi na Fundi Konde, mkongwe wa pwani aliyevuma tangu miaka ya 1950, na wakashirikiana na Malika wa taarabu. Ukizisikiliza kwa mpangilio huo unaiona safari nzima. Walianza kwa kumkaribisha mgeni, kisha wakarudi jikoni kukaa na wenyewe.

Mjomba wangu naye anapiga gitaa jioni kwenye hoteli moja ya ufukweni huku kwetu. Usiku mmoja anaweza kuombwa "Jambo Bwana" mara tatu. Nilimuuliza, "Mjomba, huchoki?" Akacheka. "Mpwa wangu, ile ndiyo inayonunua mchele. Usiudharau wimbo unaokulisha." Wageni wakishalala, wapishi na walinzi wanavuta viti, wanamwambia, "Haya mzee, sasa tupigie zetu." Hapo hakuna bakshishi, lakini hapo ndipo namwona anafumba macho.

Teddy Kalanda alifariki mwaka 2024, na alitajwa zaidi kama mtunzi wa "Jambo Bwana". Ni haki yake, wala si jambo dogo mtu kuifundisha dunia kusalimia kwa lugha yetu. Lakini mie roho iliniuma kidogo. Zaidi ya miaka 50 ya kundi (ambalo baadaye lilijulikana pia kama Uyoga) haiwezi kuenea kwenye salamu moja.

Nayasema haya kwa sababu vijana wengi hapa Ligula, Chikongola na Shangani wanahangaika kutafuta wimbo mmoja wa kuwatoa. Utafuteni, sikatai, na siku mkiupata uandikisheni mapema kabla wajanja hawajaupachika majina yao. Lakini muwe na upande wa pili wa kanda pia. Siku mgeni akipanda ndege akaondoka, anayebaki kwenye kiti ni mpishi na mlinzi, na wao wana nyimbo zao wanazozitaka.

Wewe je, kibao gani cha Mushrooms kinakukosha? Wanaosema "Jambo Bwana" wanyooshe mkono taratibu. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.