Mbegu ya Dukani au Mbegu ya Akiba?

Mvua zikikaribia, mifuko ya mbegu hupangwa dukani mpaka mlangoni, na huko nyumbani kwako mahindi ya akiba yananing'inia juu ya meko, yanakula moshi. Hapo ndipo swali linapokuja. Je, ununue mbegu chotara, ambayo mwakani itakubidi uinunue tena, na mwaka wa kufuata vile vile? Au upande mbegu yako mwenyewe?

Majibu ya haraka yapo mengi. Mwenye duka atasema chotara. Mzee jirani atasema mbegu ya asili, mbona babu zetu walishiba! Usimfuate hata mmoja wao kabla hujajua unachonunua.

Mahindi chotara hupatikana kwa kuoanisha mimea wazazi iliyochaguliwa na wataalamu kwa makusudi. Katika shamba la mbegu, mistari ya mimea mama huondolewa mbelewele kabla hazijamwaga unga, ili chavua itoke kwa mimea baba peke yake. Mtoto wa ndoa hiyo huwapita wazazi wake kwa nguvu. Wenzetu wa Kenya waliletewa H611 kutoka Kitale mwaka 1964. Mzazi wake mmoja alikuwa wa pale pale Kitale, na wa pili asili yake Ecuador, Amerika ya Kusini. Mavuno yalipanda, watu wakaona kwa macho.

Lakini nguvu hiyo ni ya uzao wa kwanza tu. Ukichukua punje za shamba la chotara ukazipanda tena, wajukuu wanatawanyika: mmoja mrefu, mwingine mfupi, mwingine ana hindi la kidole. Mavuno kupungua kwa theluthi moja si ajabu. Kwa hiyo chotara hununui kama unavyonunua jembe. Jembe ni lako mpaka lichakae. Chotara ni kama ada ya shule: umelipia mwaka huu, mwakani mwalimu anakungoja tena mlangoni.

Mimi mwenyewe niliwahi kujaribu kuikwepa ada hiyo. Mwaka wa kwanza ekari yangu ilitoa magunia 16. Nikasema, mbegu si hii hapa? Nikachagua mahindi makubwa makubwa, nikayaweka. Mwaka wa pili, mbolea ile ile, mvua nzuri, nikapata magunia 10. Fedha niliyookoa dukani haikufika hata bei ya magunia mawili. Nasema wazi, hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote.

Sasa sikiliza, maana wengi hawajui kwamba kuna mbegu ya tatu, kati ya chotara na ile ya babu. Ni mbegu iliyoboreshwa na watafiti lakini inayochavushwa na upepo kwa kawaida yake, na watoto wake hufanana nayo. Hapa Tanzania tunazo Kilima, Staha na TMV-1, zote za miaka ya 1980. Staha na TMV-1 zinastahimili ugonjwa wa milia. Sehemu kavu wako wanaopanda Katumani, iliyotoka Machakos huko Kenya na kukomaa mapema. Mbegu ya namna hii unainunua mara moja, unajiwekea akiba kwa misimu mitatu hivi, halafu unanunua upya kwa sababu upepo wa mashamba ya jirani utakuwa umekwisha kuichanganya.

Basi utachaguaje? Piga hesabu kwa magunia, siyo kwa shilingi. Ekari moja inataka kilo 10 za mbegu, yaani mifuko mitano ya kilo mbili. Jumlisha bei ya mifuko hiyo pamoja na mbolea ya ziada utakayotia, maana chotara bila mbolea ni kumfunga ng'ombe wa maziwa kwenye uwanja mtupu. Gawanya kwa bei ya gunia wakati wa mavuno, bei ya chini ile, usijidanganye na bei ya Februari. Ikiwa jibu ni magunia matatu, chotara lazima ikuzidishie zaidi ya matatu ndipo upate faida. Penye mvua ya uhakika na udongo mzuri, mara nyingi inazidisha. Penye mvua ya kubahatisha, mwaka mbaya utapoteza mahindi na deni litabaki.

Tena jiulize: fedha hiyo ninayo kabla ya mvua ya kwanza? Ada ya mbegu haingoji uuze mbuzi. Ukipanda chotara wiki tatu baada ya wenzako, faida yake umeiacha njiani. Na ukinunua, nunua kwa wakala mwenye leseni, tazama lebo ya TOSCI, dai stakabadhi, na mfuko mtupu uutunze mpaka uvune.

Maharage hayana mgogoro huu. Hujichavusha yenyewe, na mbegu safi ya akiba inafaa miaka kadhaa.

Ukiamua kuweka akiba ya mahindi, usichague ghalani. Chagua shambani, mimea ingali imesimama. Ingia katikati ya shamba, mbali na mpaka wa jirani. Kama shamba lake liko umbali wa mita 200, vizuri zaidi. Kama hayuko mbali, mpande kwa kupishana wiki nne ili mbelewele zenu zisikutane. Funga kamba kwenye mimea yenye afya, na iwe mingi, mia mbili na kuzidi, siyo ile kumi iliyokupendeza. Ukichukua michache, mbegu itadhoofika mwaka hadi mwaka. Katika kila hindi acha punje za kichwani na za kitakoni, chukua za katikati. Kausha vizuri, weka katika chombo kisichopitisha hewa, dumuzi asipate mlango.

Wiki mbili kabla ya kupanda, hesabu punje 100, zifunge katika gunia bichi, lilowanishe kila siku. Siku ya saba fungua uhesabu. Zikiota 90 na zaidi, panda kama kawaida. Zikipungua kidogo, ongeza punje katika kila shimo. Zikiwa chini ya 70, zipeleke kinuni, na uende dukani ungali na siku za kutosha.