Mtoto na Chakula cha Asubuhi



Asubuhi moja chuoni nilimkemea mtoto aliyekuwa akisinzia juu ya juzuu yake. Mara mbili nilimsomesha aya moja, na mara mbili ikampotea. Mwisho nikamwuliza, "Umekula nini leo?" Akainamisha kichwa, akanijibu, "Sijala kitu, maalim, tangu jana magharibi." Niliona haya. Kosa halikuwa lake, na ukali wangu haukuwa mahali pake.

Watu wengi hudhani kuwa aliyelala hakufanya kazi, basi hana haja ya kula. Sivyo. Usiku kucha moyo hupiga na ubongo haupumziki, na mwili hutumia sukari iliyowekwa akiba katika ini. Kukipambazuka akiba hiyo imepungua sana. Mtoto akitoka nyumbani na tumbo tupu, vipi atahifadhi?

Mtume wetu (S.A.W.) alituhimiza kula daku, akatufahamisha kuwa mna baraka ndani yake. Ikiwa mwenye kufunga ameusiwa ale kabla ya siku yake kuanza, seuze mtoto asiyefunga?

Huenda mzazi akasema, "Mimi sina uwezo." Lakini chakula bora si lazima kiwe cha dukani. Uji wa ulezi au wa mtama, muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu, mbaazi, kunde, ndizi. Na aliyejaaliwa aongeze yai au maziwa. Hivi hushiba mtu hata adhuhuri. Chai ya sukari nyingi na andazi tupu havikai tumboni. Tena chai huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika nafaka na kunde. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, limeshauri kuwa ni bora sukari ya kuongezwa isizidi kiasi cha gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vijiko 6 hivi vya chai. Wangapi wetu huvimaliza kabla ya jua kupanda?

Enyi wazazi, amkeni mapema kidogo. Keti na mwanao, mfundishe kusema Bismillahi, kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yake. Na jirani yako akiwa hana, mpe mwanawe kikombe cha uji.

Nami tangu siku ile, simkemei anayesinzia kabla ya kumwuliza amekula nini.

Wabillahi tawfiq.